Kifaa Kilichosinzia Wakati wa Salamu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tisa. Mama yangu huitangaza habari hiyo kwenye kila shughuli mtaani kwetu Rusimbi kwa sauti ya mtu anayetangaza ugonjwa. Hakuna ugonjwa. Mkataba umekwisha, kituo kimepunguzwa, na nilipoulizwa kama nataka mwingine miguu yangu ilikuwa imeshatoka nje ya mlango kabla mdomo haujajibu. Ninyi watatu mnaobaki kwenye chumba cha mashine mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zilipokuwa zinashusha watu asubuhi na jioni. Basi naandika. Vyeo sikuvipata, na mshahara mnaujua kwa sababu ni huohuo wenu, kwa hiyo hayo tuyaache.

Msitegemee Kiswahili cha ofisini. Nimeishia kidato cha nne, na hesabu nilifaulu kwa kusukumwa. Na siwezi kukaa kitako. Hata hapa naandika nimesimama, daftari likiwa juu ya friji, na kila ukurasa mmoja naenda mara mbili dirishani kulitazama ziwa kama vile linaweza kuondoka.

Kabla ya kituo nilikuwa na kibanda mtaa wa Mwanga, natengeneza redio na simu. Siku moja akaja mzee mfupi mwenye tai, akanipa simu yake, akasimama kuangalia mikono yangu badala ya uso wangu. Nilipomaliza kulehemu akaniuliza kama huwa nakunywa kahawa asubuhi. Nikasema hapana. Akasema vizuri, mikono haitetemeki, njoo Jumatatu kituo cha mapokezi, uliza Mzee Sadoki. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilienda na ndoto yangu imekunjwa kwenye mkoba. Nilikuwa nimeichora kwa penseli: mashine ambayo mtu akiweka kidole kwenye meza yetu hapa ufukweni, jina la ndugu yake aliyepotezana naye linawaka kwenye meza nyingine yoyote, kambi yoyote. Nilidhani siku ya kwanza nitaitwa niieleze. Siku ya kwanza Mzee Sadoki alinipa kitambaa na chupa ya spiriti, akaniambia nifute vioo vya vifaa kumi na viwili. Nilivifuta mpaka saa saba. Mawese, magamba ya dagaa, udongo, machozi pia nadhani. Akavikagua kimoja kimoja kwa kuviinamisha kwenye mwanga, kisha akasema kumi vimefutika.

Mzee Sadoki alikuwa Muha wa Mwandiga. Alikuwa na shamba la mihogo kule, na nyuma yake miaka mingi ya kutengeneza redio za stesheni ya reli. Alichonifundisha chote kilikuwa ndani ya daftari lenye safu tatu: nilichoona, nilichofanya, nilichoona baada ya kufanya. Nilimwomba safu ya nne, ya ninachofikiri. Akasema unachofikiri kaa nacho nyumbani, kisijaze karatasi ya watu.

Sasa niwaelezee kifaa chenyewe, maana ninyi mmekuja wakati vimeshabadilishwa. Kilikuwa kijisanduku cha ukubwa wa mche mfupi wa sabuni, kioo juu, taa ya buluu pembeni. Kinaungwa kwa waya na laptopu ya karani. Mtu anaweka kidole, kifaa kinapiga picha, picha inaingia kwenye jina lake. Kati ya kifaa na mfumo wa laptopu, ndani kabisa kwenye kiini tunachokiita kerneli, kuna programu ndogo ya kuongea na kifaa hicho tu. Hiyo ndiyo draiva. Draiva yetu ilikuwa na kazi ya pili: kifaa kisipotumika kwa muda, ikilaze kisile betri, na kikihitajika ikiamshe.

Kulala si tatizo. Shida zote za umeme nilizozifukuza miaka yangu zilikuwa kwenye kuamka.

Jenereta yetu ilizimwa kila siku saa sita mpaka saa nane mchana kuokoa dizeli. Ikiwaka, vifaa havikulala kabisa, maana mfumo ulijua umeme upo. Ikizimwa, laptopu zilibaki kwenye betri zake na vifaa vikaanza kusinzia kila vilipoachwa kwa nusu dakika. Baadhi havikuamka. Karani anamwambia mtu weka kidole, mstari mwekundu unatokea kwenye skrini, kazi inasimama. Dawa ilikuwa moja: chomoa waya, hesabu mpaka kumi, chomeka, mwite mtu upya. Mnaweza kuona foleni hiyo. Mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, amefika leo kwa boti kutoka ng'ambo, na mimi namhesabia moja, mbili, tatu mbele ya macho yake. Nilikuwa naumia. Mzee Sadoki alikuwa akihesabu taratibu kama anapima dawa, mimi nikifika sita nimeshachomeka.

Nikaamua kuiponya draiva. Msimbo wake ulikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kuusoma, na aliyeuandika alikuwa mtu wa nchi ya mbali ambaye sikuwahi kumwona, ila alijibu barua pepe zangu kwa upole na kwa urefu kuliko zilivyostahili. Nilisoma wiki tatu, nikitembea huku na huko na karatasi mkononi mpaka makarani wakaniuliza kama nasomea uimamu. Mwishoni nikapaona. Draiva ikikiamsha kifaa, inakiuliza: umeamka? Kifaa kikichelewa kujibu, draiva inapeleka juu habari ya kosa, na kila kitu kinasimama. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba mara nyingi taa ya buluu inawaka sekunde moja baadaye. Kumbe kilikuwa kinaamka, kilikuwa mvivu tu. Nikabadilisha mstari mmoja. Kikichelewa, usiseme kosa. Sema sawa, endelea.

Nikaijenga draiva upya, nikaiweka kwenye laptopu zote. Mstari mwekundu ukapotea. Siku ya pili, siku ya tatu, haupo. Makarani walipiga makofi, na Bi Mwajuma, aliyekuwa meza ya tatu, aliniletea samaki, migebuka ya kukaanga, kwenye bakuli lenye mfuniko. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: IMEPONA. Mzee Sadoki alisoma, akavua miwani, akaniuliza neno hilo liko safu ipi kati ya zile tatu. Nilicheka. Naye akacheka kidogo, akaliacha.

Bi Mwajuma lazima nimweleze vizuri. Alikuwa mtu wa Ujiji, bibi wa wajukuu kadhaa, ukoo wao uliingia pale zamani kutoka upande wa Kongo. Aliongea Kiswahili, Kiha, Kirundi, na Kibembe cha kuombea maji. Makarani wengine walianza na kidole. Yeye alianza na mtu. Mzee akifika mezani kwake, kwanza kiti. Kisha shikamoo, hata kama mzee mwenyewe amemzidi miaka miwili tu. Kisha mwaramutse kama ni Mrundi, amahoro, umesafiri vipi, mgongo je, nani umekuja naye, nani umemwacha. Walimcheka, wakasema meza ya tatu ina baraza. Lakini yeye ndiye aliyemwendea mkuu wa kituo akaomba wazee wote waandikishwe kati ya saa sita na saa nane, kwa sababu saa hizo vijana wako kwenye chakula, foleni ni fupi, na benchi chini ya turubai lina nafasi. Mkuu akakubali. Jambo zuri kabisa. Hata sasa nasema lilikuwa zuri.

Wiki sita baada ya migebuka, ofisi ya juu ikaleta orodha. Watu kumi na mmoja waliojiandikisha kituoni kwetu, kila mmoja alama ya kidole chake ni ya mtu mwingine aliyeandikishwa tayari. Kwa lugha ya ofisi: mtu mmoja, majina mawili. Kumi na mmoja wote wazee. Na tisa kati yao wamepita meza ya tatu.

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilisema tisa. Alimwita Bi Mwajuma asubuhi ile, akamwambia asikae mezani mpaka kikao cha Alhamisi, siku tatu mbele, na ajiandae kueleza ni nani aliyekuwa akimletea majina ya kuingiza. Hakumwambia wazi kwamba anauza nafasi za kambini, lakini kufikia saa nne kituo kizima kilikuwa kimeshamwambia. Nilimkuta nje anajifunga kanga upya. Aliniambia jambo moja tu, na hakuniangalia alipolisema.

"Rehema, kikao kikiniona mwizi, Ujiji siwezi kurudi. Nitakaa wapi mimi, ziwani?"

Saa sita ya siku hiyohiyo akaletwa Bibi Konsolata. Alikuwa mmoja wa wale tisa, Mrundi wa Rumonge, mwembamba, kitambaa kichwani, anaongea Kiswahili cha ziwani. Binti yake alikuwa kwenye orodha ya mabasi ya Alhamisi kwenda kambini, na yeye alikuwa ametolewa. Karani kijana wa meza ya tatu alimweleza kwamba kwa mujibu wa mfumo kidole chake ni cha bwana fulani, mvuvi, miaka ishirini na sita. Bibi aliomba arudiwe. Akarudiwa. Akaitazama mikono yake pande zote mbili.

"Nimezaa saba," akasema. "Leo nimekuwa kijana mvuvi. Basi nipeni na nyavu."

Watu kwenye benchi walicheka mpaka wakapigana mabega. Yeye hakucheka. Aliuliza kama huyo mvuvi ana nafasi kwenye basi la Alhamisi, kama anayo apande kwa jina lake.

Nilirudi chumba cha mashine nikiwa siwezi hata kuvuta kiti. Nilimwambia Mzee Sadoki kwamba Bi Mwajuma hakuiba, na kwamba nitaonyesha ni mashine. Akasema hiyo ni safu ya nne. Nikasema sawa, nitajaza tatu.

Nilianza na vidole, kwa sababu vidole vya wazee ni shida inayojulikana. Kamba za nyavu na mihogo ya kumenya miaka hamsini huvisugua mpaka viwe laini kama kijiko. Lakini kidole laini kinaleta picha mbaya, hakileti picha nzuri ya mtu mwingine. Nikabadilisha waya. Nikapima umeme kwenye kila tundu. Nikafungua kifaa cha meza ya tatu kwa bisibisi ndogo, nikapuliza vumbi, nikafunga. Kisha nikakijaribu. Jumanne saa sita jenereta ilipozimwa nilikuwa mezani tayari. Kidole changu, kidole cha karani, kidole cha mlinzi, changu tena. Mara mia mbili. Nilikuwa nawapanga kama wanaoingia uwanjani, twende, twende, mwingine. Picha zote sahihi, kila moja ya mwenyewe. Jumanne yote sahihi. Jumatano asubuhi sahihi. Jasho linanitoka na kila jaribio linazidi kumfunga Bi Mwajuma, maana kadiri nilivyothibitisha kwamba mashine ni nzima ndivyo nilivyothibitisha kwamba yeye si mzima.

Mzee Sadoki alikuja akasimama nyuma yangu muda mrefu. Akaniuliza kama Bi Mwajuma naye alikuwa anafanya kazi kwa kukimbia hivi.

Saa sita, jenereta ilipozimwa, tukamwita. Mlinzi wa geti alisita kumruhusu, mzee akamshika mkono akamwingiza mwenyewe. Nikamwomba afanye kazi yake kama siku zote, bila kubadilisha chochote, na Mzee Sadoki awe ndiye anayeandikishwa. Akakataa. Alisema hawezi kuigiza salamu. Mzee akamwambia basi asiigize, kwani tangu Jumatatu hawajasalimiana, na kweli mgongo unamsumbua.

Niliweka kidole changu kwanza ili kifaa kiwe na mtu wa kabla. Picha ikaja, yangu, nayo ina kovu. Kwenye kidole changu cha shahada kuna kovu la chuma cha kulehemu, linakata mistari katikati kama barabara. Kisha Mzee Sadoki akakaa. Bi Mwajuma akampa shikamoo. Akamuuliza za Mwandiga, mihogo, mgongo, mkewe, na kama yule mkwe wa Kasulu amepona. Mzee alikuwa anajibu nzuri, nzuri, kisha anarudi: nzuri, ila huu mgongo. Mnajua tunavyojibu. Nzuri kwanza, matatizo baadaye. Mimi nilikuwa nakanyaga vidole vyangu vya miguu ili nisimwambie mama, haraka basi. Na katikati ya habari za mkwe, taa ya buluu ikazimika.

Tangu Jumatatu sikuwa nimeiona ikizimika. Katika mara zangu mia mbili sikuwahi kukaa nusu dakika.

Bi Mwajuma akamaliza salamu zake, akamwambia mzee, haya, nipe kidole. Mzee akaweka. Skrini ikakaa kidogo, ikaandika sawa, ikaleta picha. Kwa macho ya kawaida alama zote za vidole zinafanana, mistari tu kama matuta ya shamba. Lakini hii ilikuwa na barabara katikati.

Mzee Sadoki aliinua kidole chake akakitazama. Hakina kovu.

Sikuhitaji kufungua kitu chochote kujua, ila nilifungua, kwa sababu safu ya tatu lazima ijazwe. Draiva ilikuwa inaihifadhi picha ya mwisho mahali pa muda, picha mpya ikija inaifunika ile ya zamani. Kifaa kikiamka kwa kuchelewa, picha mpya haiji, na ya zamani inabaki palepale. Zamani haikuwa na madhara, maana kosa lilipelekwa juu, mstari mwekundu ukatokea, mtu akaitwa upya. Sasa mstari mwekundu haupo. Sasa kuna mstari wangu. Kifaa hakijaamka, draiva inasema sawa, na programu ya juu inachukua picha ya mtu aliyetangulia, hata kijana wa mwisho kabla ya saa sita, na kuiweka kwenye jina la mzee aliyekuwa akiulizwa habari za mgongo. Nilikifundisha kifaa kujibu nzuri kisha kinyamaze, bila ile "ila" ya mgongo.

Ilikuwa inawapata wazee kwa sababu wazee ndio waliopewa salamu. Ilikuwa inatokea saa sita kwa sababu tuliwahurumia wasisimame juani. Na ilikuwa meza ya tatu kwa sababu ya mtu mmoja mwenye adabu kuliko sisi wote.

Nilitoka nikaenda ufukweni, nikatembea kutoka kwenye mitumbwi mpaka kwenye chanja za dagaa na kurudi, sijui mara ngapi. Wanawake wanaogeuza dagaa wakaniuliza nimepoteza nini. Nilikuwa najaribu kutafuta namna ya kulisema jambo hili ambayo mimi simo ndani yake. Nilikuwa karibu nimeipata. Mzee Sadoki alinifuata na viatu vyake vya ngozi vikiingia mchanga.

"Una maneno ya aina mbili ya kumwambia mkuu," akasema. "Yote mawili yatamwokoa Mwajuma. Moja tu litakuacha ulale."

Nikamwambia mimi silali hata siku za kawaida. Akasema basi angalau kifaa kimoja kati yenu kiamke vizuri.

Mkuu alisikiliza kuhusu taa, nusu dakika, na kovu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko nilivyomdhania. Kisha akasema mwenyewe, huku akivuta karatasi, "Kwa hiyo vifaa hivi ni vibovu."

Ningeweza kuitikia tu kwa kichwa. Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho.

"Vifaa ni vizima, mkuu. Vilikuwa vinakosea na kusema vimekosea. Nilivizuia kusema. Ni mimi."

Nikaweka daftari mezani, ukurasa wenye IMEPONA. Akasoma. Akauliza nani aliniruhusu. Nikasema hakuna. Kutoka mlangoni Mzee Sadoki akasema kwamba yeye alisoma ukurasa ule na akacheka, kwa hiyo na yeye aandikwe. Mkuu akafunga daftari. Aliniuliza swali ambalo mpaka wakati ule sikuwa nimejiuliza.

"Hawa kumi na mmoja ni waliokamatwa. Ambao hawajakamatwa ni wangapi?"

Sikujua. Ingekuwa kila aliyeandikishwa saa za betri tangu siku ya migebuka, na wengi walikuwa wameshapanda mabasi. Nilisema sijui, na nadhani ndiyo sentensi ya kwanza ya kifundi niliyoitoa kwenye ajira yangu.

Alimwita Bi Mwajuma palepale, akasimama kumwomba radhi, akafuta kikao. Nami akanipa barua ya onyo. Ndiyo barua pekee niliyowahi kuandikiwa na mkuu wa kituo, nimeitunza.

Alhamisi asubuhi nilizuia vifaa vyote visilale kabisa, betri ziishe zikitaka, na tukaanza kuwarudia wale kumi na mmoja. Mabasi yalikuwa yameshawashwa. Bibi Konsolata alikuja ameshikwa mkono na binti yake. Akaweka kidole, akaniuliza leo yeye ni nani.

"Leo ni wewe, bibi. Konsolata."

Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilitaka foleni iende haraka. Akakifuta kidole chake.

"Haraka ilikuwa ya nani? Mimi nilikuwa nimekaa."

Alikuwa amekaa, ni kweli. Kwenye benchi, chini ya turubai, na maji kwenye kikombe. Katika foleni ile ya saa sita mwenye haraka alikuwa mmoja tu. Binti yake akamvuta, wakapanda, akachukua kiti cha dirishani na hakunipungia mkono, na sikumtegemea.

Draiva niliiandika upya kwa namna ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kifaa kisipoamka, futa kwanza picha ya zamani, kisha jaribu tena mara chache, na kikikataa sema kwa sauti kwamba kimekataa. Nilimpelekea yule mwandishi wa mbali nikiwa nimemweleza yote, pamoja na salamu. Akaipokea. Aliniuliza kwa heshima salamu zetu huchukua dakika ngapi, ili aweke muda wa kulala unaofaa. Nilimjibu kwamba inategemea mgongo. Kisha kwa muda mrefu nilikuwa nasafiri na mabasi kwenda kambini, kifaa mapajani, natafuta wale wengine jina kwa jina, hema kwa hema. Mashine niliyoichora kwa penseli sikuitengeneza. Niliitembea kwa miguu tu, kwa upande wa makosa yangu. Wengi niliwapata. Wawili sikuwapata, na majina yao ninayajua.

Niliporudi kutoka safari ya kwanza nilipita meza ya tatu saa sita mchana. Bi Mwajuma alikuwa amerudi kazini wiki mbili kabla. Alikuja mzee mmoja wa ng'ambo, kofia mkononi, anachechemea. Bi Mwajuma hakumpa kiti. Hakumpa shikamoo. Alishika kidole chake akakibandika kwenye kioo, akasubiri picha, akaikagua kwa karibu kama anayesoma saa ya mtu mwingine.

Nikamwinamia nikamnong'oneza kwamba draiva ni mpya, nimeijaribu kwa kukaa, nusu dakika, dakika tano, hata robo saa. Anaweza kusalimia kama zamani, haina neno.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. Akalinganisha jina na picha mara ya pili. Akabonyeza kuhifadhi. Akachomoa waya wa kifaa, akakigeuza kifudifudi, akakisukuma mpaka ukingoni mwa meza. Ndipo akasimama, akamvutia mzee kiti.

"Shikamoo baba. Karibu. Mgongo je?"

Nilitaka kumwambia kwamba waya hakuna haja ya kuuchomoa. Lakini mzee alikuwa ameshaanza na goti, na nyuma yake benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyekuwa akiuliza zamu yake itafika saa ngapi. Nikakaa mwisho wa benchi nikasubiri.